Kompyuta ya Kaanaeli na Jina la Tisa

"Nilikuambia uifungue, Sifael. Sikukuambia uichinje!"

Kaanaeli alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha fundi, mkoba kwapani, macho mezani. Kompyuta yake ililala ubavu, tumbo wazi, nyaya zimemwagika kama utumbo wa mbuzi. Sifael, fundi wa redio na kompyuta hapo Usa River, alibaki na bisibisi mkononi kama mtu aliyekamatwa na kisu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, na usinikatize. Diski yangu iko wapi?"

"Ipi, mama?"

"Ile ya zamani. Nilikuachia mashine ina diski, sasa naona tundu."

Sifael akatupa jicho kwenye ndoo ya plastiki chini ya meza, ndoo ya vyuma chakavu. Alilitupa mara moja tu, lakini Kaanaeli si mtu wa kupitwa na jicho. Akainama, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akaitoa diski yake katikati ya betri zilizovimba na antena zilizovunjika.

"Kwenye ndoo! Mambo ya kata nzima, miaka kumi na moja, umeyatupa kwenye ndoo!"

"Mama Anneth, hiyo imechoka. Nimekuwekea mpya, inawaka upesi. Hiyo ndiyo ilikuwa inakufanya uchemshe chai, unywe, uoshe kikombe, ndipo mashine ifunguke."

"Chai ilinidhuru lini? Rudisha diski yangu."

"Nafasi ziko mbili. Naweza kuziweka zote, mpya ibebe mfumo, ya zamani ibaki na mafaili yako."

"Basi tulikuwa tunagombania nini?"

Sifael akatikisa kichwa, akaipokea diski, akaanza kuipangusa kwa shati lake.

Ilikuwa Jumamosi, na Kaanaeli alikuwa na sababu ya kuwa mkali kuliko siku nyingine. Jumatatu saa nne asubuhi walimu wakuu wa shule saba walikuwa wanakuja dukani kwake Kikwe kuikagua hiyo kompyuta. Yeye ndiye aliyewachapia mitihani ya majaribio kwa miaka saba. Kazi hiyo ndiyo iliyomwezekea bati. Barua za kuomba kazi, kadi za michango na ratiba za mazishi zilimnunulia chumvi na sabuni, basi. Sasa mwaka jana kirusi kiliingia kwenye mashine yake kupitia flashi ya mwalimu mmoja, kikala mtihani wa hesabu wa darasa la saba zikiwa zimebaki siku mbili. Mwalimu Reginald, mwenyekiti wa wenzake, akasema hawezi tena kuleta mitihani kwenye mashine yenye mfumo wa zamani.

Na hakusema uongo. Mfumo ule waliouunda waliuacha toka Oktoba, hawautilii tena kinga. Mashine ikawa kama nyumba yenye kufuli bovu, na fundi wa kufuli kahama mji. Kila Kaanaeli alipojaribu kuweka mfumo mpya, kompyuta ilimjibu kwa Kiingereza cha adabu kwamba haiwezi, umri umekwenda. Alikuwa ameshasikia maneno kama hayo kutoka kwa watu, na kutoka kwa watu alikuwa anajua kuyajibu.

Ng'ambo ya barabara Derick alikuwa amefungua duka lake la stationery, vioo mlangoni, mashine mbili mpya zinazong'aa. Kijana hana tabia mbaya. Ila kila asubuhi alikuwa anamsalimia Kaanaeli kwa sauti ya mtu anayemsalimia mgonjwa. "Shikamoo mama, bado mnaendelea?"

"Tunaendelea nini? Nani amekuambia tunaumwa?"

Anneth, binti yake anayekaa na mume wake kule Terrat, alimpigia simu. "Mama, achana na hilo kabati. Nunua laptop."

"Laptop ni ya kubebwa. Mimi nakwenda wapi?"

Mtu asiyemjua Kaanaeli angesema ni ubahili. Hakuwa bahili, na mashine ile haikuwa ya dukani. Alizaliwa hapo hapo Kikwe, akamaliza darasa la saba, akajifunza kupiga chapa kwenye kozi ya kanisa mjini Arusha kwa taipureta iliyokosa herufi ya Q. Kisha akaajiriwa ofisi ya shamba la maua, akakaa huko miaka kumi na tisa, akiandika barua za mabosi wanne waliopokezana, wala hakuna hata mmoja aliyejua kuandika barua. Shamba lilipofilisika, wafanyakazi waliambiwa hela hazitoshi, kila mtu achague kitu. Wenzake waliwahi pampu, mipira ya maji, matoroli. Yeye akachagua kompyuta. Wakamcheka njia nzima. Akaipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akaizungushia godoro, akatembea ubavuni mwake kilomita tisa ameishika kama mtu anayempeleka mama mjamzito hospitali. Pampu za wenzake zilishakufa zote. Kompyuta ilisomesha Anneth.

Kwa hiyo aliposikia kwamba kasha linaweza kubaki, vikabadilishwa vya ndani, aliwafunga mbuzi wawili kamba akaenda nao mnadani. Jumatano akaingia mjini na Sifael, wakapita kwenye vibanda vya vifaa vilivyotumika. Sifael akachagua mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, na prosesa vilivyotolewa kwenye mashine ya ofisi fulani, vya miaka ya karibuni, na ramu mara nne ya ile ya mwanzo. Kuchagua kulikuwa kwa Sifael, kupatana bei kulikuwa kwa Kaanaeli, na muuzaji mpaka leo hajui vizuri ilikuwaje akawapa na diski mpya kwa bei ile.

"Sasa kuna jambo, mama," Sifael akasema, akiwa ameshaifunga diski ya zamani mahali pake. Hakumtazama.

"Sema."

"Kila kitu nimeweka. Lakini nikianza kupandisha mfumo mpya, inakataa. Inasema inataka chipu ya usalama. Jana nimetafuta mjini, toka stendi mpaka soko la Kilombero, hakuna anayeiuza. Wengine hata hawaijui."

Kaanaeli akavuta kigoda, akakaa. Mbuzi wawili walimpita mbele ya macho, wakilia.

"Nionyeshe inavyokataa."

Sifael akaiwasha. Kweli, ikakataa, kwa adabu ile ile. Akaizima, akaiwasha tena, akabonyeza kitu, ukatokea ukurasa wa mipangilio ya mazabodi, ule unaokuja kabla mfumo haujaamka. Akaanza kuzipitia kurasa mbio mbio.

"Polepole. Unapekua kama unatafuta mia iliyodondoka."

"Nimeshaziangalia zote, mama."

"Umeziangalia. Hujazisoma."

Akavaa miwani. Akaweka kidole kwenye kioo, mstari wa kwanza kabisa, akaanza kusoma, mstari kwa mstari, hata yale asiyoyaelewa. Sifael akahema. Akaenda kunawa mikono, akarudi, bado mama yuko ukurasa wa pili. Lakini toka ratiba ya mazishi aliyoichapa, ya mama yake Ndeshi wa hapo Kikwe, miaka minne nyuma, Kaanaeli alikuwa ameacha kusoma karatasi kwa kuruka. Hata kadi ya harusi yenye maneno kumi na mawili alikuwa anaisoma na kidole.

Ukurasa wa nne, chini kabisa, kidole kikasimama.

"Huu ni ukurasa wa nini?"

"Wa usalama."

"Na hizi herufi tatu hapa, P, T, T?"

"Sijui, mama. Sijawahi kuigusa."

"Mbele yake pameandikwa imezimwa. Si ndivyo? Hicho Kiingereza nimekiandika miaka kumi na tisa."

"Ndiyo, imezimwa."

"Sifael mwanangu. Unazunguka mji mzima unatafuta kitu cha usalama. Humu ndani, ukurasa wa usalama, kuna kitu kimezimwa. Na hujakigusa."

Sifael akainama karibu na kioo.

"Kiwashe!"

Akakiwasha, akahifadhi, akaizima mashine, akaiwasha. Mfumo mpya ukauliza anataka lugha gani, ukaanza kupanda. Chipu aliyoitafuta Sifael mpaka Kilombero ilikuwa ndani ya prosesa siku zote, imelala. Sifael akashika kichwa kwa mikono miwili, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, hapa kibandani nakuajiri."

"Huna mshahara wa kunilipa. Itamaliza saa ngapi?"

"Itachukua muda, halafu kuna vitu vya kuvuta kwenye mtandao. Wewe nenda, mama, una mazoezi ya kwaya. Kesho nakuletea kanisani, tukitoka ibadani tunaipeleka moja kwa moja dukani."

"Kesho ni mavuno."

"Najua ni mavuno, nitakuwepo."

Wote wawili walitamka neno hilo, mavuno, na hakuna aliyelifikiria. Hapo ndipo akili zilipowapita watu wazima wawili.

Jumapili ya mavuno usharika wa Kikwe haukai kimya. Watu wanaingia na mikungu ya ndizi begani, madebe ya mahindi, maboga, kuku waliofungwa miguu wanaopiga kelele wakati wa sala ya toba. Wazee wa kanisa wanasimama mlangoni wanapokea, na siku hiyo mtu akifika na mzigo haulizwi, anapokelewa, anabarikiwa, mzigo unakwenda mbele. Sifael alifika amechelewa, kompyuta iko nyuma ya pikipiki ndani ya kiroba cheupe cha unga, imefungwa kamba vizuri. Alikuwa bado anavua kofia ngumu mzee mmoja wa kanisa alipoufungua mzigo kutoka kwenye pikipiki.

"Mungu akubariki, fundi! Uzito wote huu!"

"Asante baba, itunzeni vizuri, isianguke."

"Itaangukaje mikononi mwa Bwana?"

Sifael akaingia akakaa nyuma, ametulia kabisa, akijua mzigo umehifadhiwa. Na ulikuwa umehifadhiwa kweli, mbele ya madhabahu, kati ya maboga na jogoo mwekundu. Mchungaji akaviombea vyote kwa pamoja.

Kaanaeli alikuwa kwenye kwaya, safu ya pili. Kiroba alikiona, akadhani mahindi. Ibada ilipoisha, mnada ukaanza pale pale mbele, na mwendesha mnada alikuwa Mzee Elirehema, ambaye angeweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe na risiti juu. Akauza ndizi, akauza jogoo. Kisha akafungua kiroba.

"Ndugu zangu! Toka kanisa hili lijengwe tumeuza mbuzi, tumeuza asali, tumemuuza hata punda. Leo fundi Sifael ametoa kompyuta!"

Vigelegele vikapasua dari. Kwenye kona ya kasha kulikuwa na K kubwa iliyopakwa kwa rangi ya kucha. Kaanaeli aliitambua kabla kiroba hakijashuka nusu.

"Hiyo ni yangu!"

Kanisa likacheka.

"Ndiyo hivyo, Mama Anneth, huo ndio moyo!" Elirehema akaitikia. "Ni yako kwa shilingi ngapi?"

"Nasema ni yangu, Mzee Elirehema! Sifael, simama useme!"

Sifael akasimama, akafungua mdomo, akaona macho mia tatu, na mchungaji akimtabasamia kwa fahari. Mdomo ukajifunga wenyewe. Akakaa. Mzee mmoja akamnong'oneza Elirehema, Elirehema akajikuna kidevu, sasa ameelewa kidogo, lakini na yeye atafanyaje?

"Mama, pole," akasema kwa sauti ya chini kidogo. "Lakini kimeshaombewa. Kilichoombewa pale mbele hakirudi nyuma, unajua. Kinatoka kwa mnada."

Alijua. Alizaliwa kwenye desturi hiyo. Mwaka mmoja mama yake mzazi alinunua mtungi wake mwenyewe uliochanganywa na sadaka kwa bahati mbaya, akalipa bila kulalamika.

"Elfu ishirini," Kaanaeli akasema. Kwenye mkoba alikuwa na ishirini na nne, baada ya mbuzi kugeuka mazabodi.

"Thelathini!" Huyo alikuwa Derick, kutoka upande wa vijana. Labda hakujua. Labda alijua.

Elirehema akamtazama Kaanaeli. "Thelathini mara ya kwanza. Mama Anneth?"

Kaanaeli akaangalia rafiki zake wa kwaya, wakaangalia vitabu vya nyimbo. Kila mtu alikuwa ameshatoa.

"Thelathini mara ya pili..."

"Laki moja."

Sauti ilitoka upande wa akina mama, safu ya tatu, bila kupanda. Kanisa zima likageuka. Alikuwa Ndeshi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwanamke mrefu asiyependa maneno. Kwa Kaanaeli, bora ingechukuliwa na Derick.

Miaka minne iliyopita mama yake Ndeshi alifariki, na ratiba ya mazishi ikachapwa kwa Kaanaeli. Marehemu alizaa watoto tisa. Kwenye karatasi wakatokea wanane. Ndeshi ndiye kitinda mimba, jina lake lilikuwa la mwisho, likaanguka kwenye ukurasa mwingine na ukurasa huo haukuingia. Pale kaburini mshereheshaji aliita watoto kuweka mashada, akiwasoma kwenye karatasi mmoja mmoja. Akafika wa nane, akafunga karatasi, akaita wajukuu. Ndeshi, aliyemuuguza mama yake miaka sita, kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji kwa kijiko, alibaki amesimama na shada lake mkononi mpaka shangazi mmoja akapiga kelele.

Kaanaeli alipoulizwa alijibu upesi. "Mashine imekula jina."

Ndeshi akamwambia mbele ya watu, "Mashine haina meno." Toka siku hiyo salamu zikakatika.

"Laki moja mara ya tatu!" Elirehema akapiga meza. Kwa desturi anayenunua hutaja anampa nani alichonunua, mchungaji, au bibi kizee, au mgeni. Watu wakasubiri. Ndeshi akatoa hela kwenye kitambaa, akazihesabu, akasema, "Ipelekeni nyumbani kwangu."

Saa tisa alasiri Kaanaeli alisimama kwenye geti la Ndeshi. Alikuwa amekuja kwa miguu, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Aliyapanga ya ukali, akayapangua. Akayapanga ya kubembeleza, hayakukaa mdomoni, hayajazoea humo.

"Hodi."

"Karibu." Ndeshi alikuwa anamimina maziwa kwenye dumu. Hakuacha. "Kaa hapo."

Kaanaeli akakaa kwenye benchi. Kupitia mlango wa stoo aliiona kompyuta juu ya gunia la pumba, imefunikwa khanga safi. Khanga ndiyo iliyomtia wasiwasi, alikuwa amejiandaa kuikuta mashine chini.

Ndeshi akaingia ndani, akatoka na bakuli la loshoro, mahindi yaliyochemshwa, baridi, lina maziwa mgando ya kutosha. "Kula kwanza."

"Ndeshi, mimi nimekuja..."

"Najua ulichokuja. Kula."

Akala. Mtu ukipewa chakula na mtu asiyekusalimia miaka minne, unakila polepole, unatafuta kilichofichwa ndani. Hakikuwepo. Kilikuwa loshoro tu, na kizuri.

"Ulikuwa na hela ngapi mkobani?" Ndeshi akauliza.

"Ishirini na nne."

"Nilijua. Nilikuona unavyoushika. Yule kijana angekununua wewe na mashine yako pamoja."

Kaanaeli akaweka kijiko. "Kesho walimu wanakuja kuikagua. Kama haipo, mitihani inakwenda kwa Derick, na mimi nafunga duka. Laki yako nitakulipa, unipe mpaka..."

"Laki sikukupa wewe. Nilimpa Mungu, na yeye hajaniambia anadai." Ndeshi akafunga dumu. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, wakatazamana sasa uso kwa uso. "Nakuuliza kitu kimoja, Kaanaeli. Mashine ilikula jina langu?"

Ng'ombe mmoja alikohoa bandani. Kaanaeli alikuwa na jibu. Alikuwa nalo miaka minne, lilikuwa limeshakuwa laini kwa kutumika. Lakini mashine yenyewe ilikuwa pale mlangoni, chini ya khanga, na jana tu alikuwa amemsema mtu mzima kwa kuangalia bila kusoma.

"Hapana," akasema. "Mashine iliandika majina tisa. Ukurasa ulijaa, jina lako likaenda ukurasa wa tano. Niliuona ukurasa wa tano una mstari mmoja, nikadhani ni karatasi iliyoharibika, nikaiweka upande wa kuwashia moto. Sikuisoma. Kaka zako walikuwa wamesimama dukani wananiharakisha, lakini kaka zako hawakunikataza kusoma."

"Ukaiwashia moto?"

"Asubuhi yake. Chai."

Ndeshi akajifuta maziwa mikononi. Kisha akatikisa kichwa, na pembeni mwa mdomo kitu kikasogea. "Ukanichemshia chai."

"Ndeshi..."

"Miaka minne. Ungekuja wiki ile ile ukaniambia hivyo, ningekutukana siku moja, tukamaliza."

"Ningejua ni siku moja tu, ningekuja."

"Muongo. Unaogopa kutukanwa, wewe unayetukana watu wote." Akasimama. "Mtoto wa jirani ana mkokoteni, atakupelekea. Nenda nayo. Hiyo khanga urudishe."

"Unanidai nini? Nikulipe nini, Ndeshi?"

"Sidai hela. Kwenye Biblia nina karatasi ya mama yangu ambayo mimi sipo. Watoto wangu wakikua wataisoma. Unajua cha kufanya."

Jumatatu saa nne kasoro Sifael alikuwa ameshafika, amefunga nyaya bila kuulizwa, hataki hata soda, kila akimtazama mama anaangalia chini. Walimu wakaingia saba, wakajaza duka. Derick akavuka barabara akasimama mlangoni, eti anapita.

Mwalimu Reginald akakaa mbele ya kioo, akaikagua. Mfumo mpya. Kinga imewashwa. Akahesabu toka alipobonyeza mpaka ilipofunguka. "Sekunde kumi na tano," akasema. "Mama, chai yako utainywa saa ngapi sasa?"

"Nitakunywa nikishamaliza kuwahudumia. Bado kuna nini?"

"Tunataka kuona kama mafaili ya zamani yamepona na kama inachapa. Chapa chochote."

Kaanaeli akafungua diski ya zamani, ile iliyotoka kwenye ndoo. Ikafunguka. Kata nzima ilikuwa humo, waliooana na waliozikwa, mihtasari ya ukoo, mitihani ya miaka saba. Akashuka na kidole mpaka mwaka ule, mwezi ule. Akapunguza herufi kidogo, akabana nafasi, mstari wa ukurasa wa tano ukapanda ukaingia wa nne, mahali pake, chini ya kaka zake na dada zake. Akasoma toka mwanzo hadi mwisho huku walimu saba wamesimama. Mmoja akaangalia saa.

"Mama, tunasubiri."

"Subirini. Nasoma."

Akabonyeza. Karatasi zikatoka. Mwalimu Reginald akaichukua ya kwanza, akarudisha kichwa nyuma.

"Mama Anneth, hii ni ratiba ya mazishi!"

"Umesema chochote."

Walimu wakacheka, hata Derick mlangoni. Reginald akaipindua, akaangalia wino, akaangalia pembezoni, akasema mitihani italetwa Alhamisi, na flashi zote yeye mwenyewe atazikagua kwanza. Derick akasema, "Hongera, mama," na safari hii sauti haikuwa ya hospitali. Sifael ndipo akaomba ile soda.

Jioni Kaanaeli akaikunja khanga, iliyofuliwa na kupigwa pasi, akaweka karatasi juu, akaenda. Ndeshi alikuwa anaosha ndoo za kukamulia. Akajifuta mikono kwa sketi, akaichukua ratiba, akaenda mpaka pale mwanga unapoingia vizuri, akaanza kusoma. Alisoma na kidole, kuanzia jina la marehemu, saa ya ibada, nyimbo. Alipofika kwa watoto akawahesabu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine.

"Nane," Ndeshi akasema. Kidole kikashuka mstari mmoja. "Tisa."

Akaingia ndani. Kaanaeli akasikia Biblia inafunguliwa, karatasi moja inatolewa, nyingine inawekwa. Ndeshi akatoka na ile ya zamani, akampa.

"Hii nenda kachemshie chai," akasema. "Mama yangu sasa amezaa watoto tisa."

Akaokota ndoo yake, akaenda kukamua.